Simama Pale Mpera Ulipokuwa

Ikiwa kuna kitu kilichompandisha Tanuri mori, ni mtu asiyelala ndani ya nyumba kuja kumwambia anayelala ndani yake kwamba nyumba haifai. Na mtu mwenyewe, kwa bahati mbaya, hakuwa wa kufukuzwa, maana alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, yule waliyezoea kumwita Mipango. Jina alilipata utotoni. Hakuna siku aliyoamka bila mpango, na hakuna mpango aliowahi kuufikisha mwisho. Alipanga kufuga kuku, banda likabaki nguzo na rundo la matofali. Alipanga kuzungushia nyumba uzio, uzio ukaishia upande wa mbele, mwizi akitaka kuingia anazunguka tu.

Tanuri naye jina lake lilikuwa la kazini. Alikuwa mwoka mikate, msimamizi wa tanuri la kuni kwenye chumba cha nyuma cha duka la mikate, na wenzake walisema kati yake na hilo tanuri hawajui ni nani anayewahi kushika moto. Hakukasirika walipomwita hivyo. Alikasirika kwa mengine.

Jumapili hiyo Mipango alikuja na tikiti maji kubwa, si unajua mkono mtupu haulambwi, akala, akashiba, halafu akasimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai mkononi, akiitazama kona ya nyuma ya uwanja. Ni kweli, haikuwa kona ya kupigia picha. Kulikuwa na miti mitatu mikuukuu iliyopandana matawi: mpera, mlimau, na mti wa tatu ambao hakuna aliyejua jina lake na ambao mama aliuita Bwana Kiburi, kwa sababu tangu uote haujazaa chochote wala haujaomba radhi. Chini yake magugu, ndoo iliyotoboka, na yale matofali ya banda la kuku. Mwisho kabisa, ukutani, kulikuwa na bomba la maji lisilokoma kudondoka, na kando yake choo.

"Dada, mwenye macho haambiwi tazama," Mipango akasema. "Pale pamegeuka pori."

Akaeleza. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wanavyotengeneza kona za kupumzikia bila kutoboa mfuko. Unaondoa miti mikuukuu, unasawazisha, unamwaga changarawe, matairi chakavu yanakuwa viti, mbao kuukuu zinakuwa benchi. Mama atakaa pale jioni na redio yake, apunge upepo kama watu. Na kazi yote ingekuwa karibu na bure. Neno hilo bure alilitamka kwa utamu, akalirudia.

Damu ikamchemka Tanuri, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, tena kwa kiapo. Mama yao alikuwa haoni.

Ukungu ulianza taratibu. Mama akawa anamimina chai pembeni ya kikombe, akawa analiamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Daktari wa macho alimpima, akawaambia bila kuzungusha maneno kwamba macho hayo hayatibiki tena. Sasa alitofautisha usiku na mchana, basi. Lakini ungemwona asubuhi usingeamini. Anatoka mlango wa jikoni, mkono mbele, anaushika mpera, anaujua kwa gome lake laini. Kutoka kwenye mpera anaufuata mlimau, ambao humkamata gauni kwa miiba kabla hajaugusa, naye huugombeza kwa mazoea. Kutoka kwenye mlimau anafika kwa Bwana Kiburi, gome linamparuza kiganja, na hapo anasikia bomba linadondoka, kipande kilichobaki anakimaliza kwa masikio. Anakwenda chooni, ananawa, anarudi kwa njia ileile, na hakuna aliyemshika mkono.

"Siku nitakayopelekwa chooni kwa kushikwa mkono," alimwambia Tanuri, "siku hiyo mnihesabu simo."

Mipango hakujua, na hakutakiwa kujua. Aliwahi kuropoka zamani kwamba mama akizidiwa tu, nyumba inafungwa na yeye anamhamishia kwake mjini, ghorofa ya juu kabisa, ngazi juu ya ngazi. Mama hakulisahau hilo. Alisema kule atakuwa kuku wa kizimbani, kazi yake kusubiri wa kumfungulia, akamwapisha binti yake asimwambie mtu yeyote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kumficha mtu anayekuja Jumapili mojamoja haikuwa kazi kubwa. Tanuri alimnong'oneza mama rangi ya shati, mama akalisifu shati. Halafu kila mara, kabla mgeni hajaketi, mama alimwambia, "Mwanangu, umekonda." Mipango alikuwa na kitambi kilichotangulia kuingia mlangoni. Alicheka tu, akajua ni mapenzi ya mama.

Sasa mtu huyo utamwambiaje asikate miti, na sababu huwezi kuitoa? Tanuri alijaribu. Alisema mapera yanasaidia. Mipango akamkumbusha kwamba kila msimu yeye mwenyewe hulalamika yana funza. Alisema kivuli. Mipango akasema ataleta mwavuli. Alisema ndege watakosa pa kutua. Mipango akamtazama vizuri, maana hajawahi kumsikia dada yake akiwasemea ndege, akamuuliza kwa upole wa kuudhi kama hapendi mama apate mahali pazuri pa kukaa. Tanuri akaingia jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, alijiambia, na huyu hata shuka hajaligusa.

Mdogo wake alipoondoka, alimwendea mama chumbani, akamwambia mchezo huu sasa uishe, amwambie mwanawe ukweli kabla mambo hayajaharibika. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani, akipapasa mishono ili ajue ndani ni wapi na nje ni wapi. Hakutaka kusikia.

"Wewe si unamjua mdogo wako?" akasema. "Uzio uko wapi? Kuku wako wapi?"

Wakacheka wote wawili, mpaka mama akaangusha soksi, na Tanuri akaionea aibu hofu yake. Hapo ndipo walipokosea, mama na binti. Waliuegemea uvivu wa mtu kana kwamba ni ukuta.

Hata hivyo, ili apate usingizi, Tanuri alimpigia simu Mipango, akamsihi kama ni lazima kuigusa ile miti, basi aipogoe tu, apunguze matawi, mashina ayaache yalivyo. Mipango akasema sawa dada, wala usijali dada. Alikubali upesi mno. Mtu ambaye hakuwa amesimama mbele ya moto kutwa nzima angeshtuka, lakini Tanuri alikuwa amechoka, akalala.

Siku chache baadaye alikuwa kazini, mikate ya awamu ya pili ikiwa ndani, pikapu ya kuni ikarudi kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma wa duka. Fundi wa msumeno ndiye aliyewaletea kuni siku zote, mtu mcheshi, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Akaanza kushusha magogo huku akiusifu mzigo wake. Kuni za mpera hizi, alisema, moto wake umetulia, mkate unaiva mpaka moyoni. Tanuri alitoka na ubao wake mrefu wa kutolea mikate kuja kuangalia. Akaliona gogo lenye msumari. Kwenye msumari kulikuwa na kipande cha kamba ya buluu. Msumari ule aliupigilia yeye kwa mkono wake, ili mama atundike mfuko wa vibanio vya nguo asiutafute chini.

Akamuuliza fundi kazi hiyo aliipata kwa nani. Fundi akasimulia kwa furaha. Kuna kijana mmoja mwungwana kabisa, mwanzoni alitaka matawi tu yapunguzwe. Ikabidi fundi amweleze: kupogoa ni kupanda, kuchagua, kushusha tawi mojamoja kwa kamba, na matawi hayana mnunuzi, kwa hiyo kazi hiyo hulipwa. Lakini kukata mpaka chini ni bure, mradi magogo yawe ya fundi. Kijana hakufikiri sana, fundi alisema.

Tanuri hakumtukana. Fundi alifanya kazi yake, na kazi yake aliieleza wazi kabla ya kuwasha msumeno. Alivua aproni, akamkabidhi mwenzake tanuri, akatoka na unga mpaka kwenye viwiko. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, na mengine aliyoyasema hayaandikiki. Bure. Yaani mtu na akili zake, na simu yake kubwa, anaambiwa bure, anaacha aliloombwa na dada yake. Alijikasirikia na yeye mwenyewe. Mdomo wake huu, ambao haukuwahi kumwogopa mwenye duka wala mkaguzi, umekuja kunyamaza siku moja tu uliyokuwa ukihitajika. Akamkasirikia na mama pia kwa kumwapisha. Kisha akaona haya kumkasirikia mama, na bado akaendelea kumkasirikia.

Alipozunguka nyuma ya nyumba, hakuitambua. Uwanja wote ulikuwa unawaka jua. Visiki vitatu vilikuwa vimekatwa sawasawa, vumbi la mbao limetapakaa, na Mipango, mikono ya shati ameikunja, alikuwa akisawazisha changarawe kwa reki. Tairi moja lilikuwa tayari limelazwa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa karibu kumaliza jambo.

"Umewahi, dada," akasema. "Nilitaka ukute kila kitu kiko tayari."

Tanuri akamuuliza mama yuko wapi. Mipango akasema yuko sebuleni, amemfungulia redio kwa sauti tangu asubuhi na kumsihi asitoke, kwani hii ni zawadi, asije akaiona kabla ya wakati wake. Tanuri akamkodolea macho. Tangu asubuhi. Mama hajatoka nje tangu asubuhi.

Kabla hajasema neno, mlango wa jikoni ukafunguka.

"Mmemaliza huko?" mama akauliza. Alikuwa amesikia msumeno, akajua ni matawi, kama alivyoambiwa. Alisimama wima mno, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na Tanuri aliujua wima ule ni wa nini. Akamwendea, akamshika kiwiko, akamnong'oneza asubiri kidogo. Mama akakivuta kiwiko chake, maana mwanawe alikuwa anatazama.

"Nimesubiri vya kutosha," akasema.

Akashuka kizingiti, mkono mbele, kwa mwendo wake wa siku zote, mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Mkono ukafika mahali pa mpera. Ukapita. Akapiga hatua nyingine, vidole amevifungua, mguu ukakanyaga changarawe ambayo haikuwahi kuwepo, akasimama. Jua lilikuwa linampiga usoni mahali ambapo miaka yote hapakuwa na jua. Akageuza kichwa kulitafuta bomba kwa sikio, lakini redio sebuleni ilikuwa inaimba kwa nguvu zake zote.

"Mama, unapaonaje?" Mipango akauliza, reki mkononi, uso umemjaa furaha.

Mama akaigeukia sauti. "Pazuri, mwanangu," akasema. "Na hayo maua umeyapanga vizuri."

Hapakuwa na ua hata moja. Mipango akaangalia changarawe, akaangalia tairi, kisha akamgeukia dada yake akitabasamu nusu, akingoja aambiwe kwamba ni utani.

"Haoni," Tanuri akasema. "Mama haoni, mpumbavu wewe. Hiyo miti ndiyo aliyokuwa akitembelea, kama fimbo."

Na alipoanza hakuweza kukoma. Alimwambia habari ya mpera, na ya mlimau, na ya Bwana Kiburi. Alimwambia kwamba asubuhi na jioni mama alikwenda na kurudi peke yake, bila kumwomba mtu kitu. Alimwambia kwamba kwenye simu alimsihi kwa mdomo wake huu huu ayaache mashina, na yeye kwa tamaa ya cha bure akaenda kumkata miguu mama yao, na magogo yenyewe sasa yamerundikwa mbele ya tanuri lake yeye, yakikauka ayachome aoke mikate ya watu. Jirani mmoja akafungua dirisha, akasikiliza kidogo, akalifunga. Tanuri hakujali.

"Mbona hamkuniambia?" Mipango akasema. "Nilikuuliza sababu, dada. Ukanipa ndege."

Lilikuwa swali la haki, na kwa kuwa lilikuwa la haki lilimchoma zaidi. Akatafuta jibu la kumrushia, na yote aliyoyapata yalikuwa yanamrudia mwenyewe. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme lolote lile, mradi liumize, mama alipowakatiza.

"Nyamazeni," akasema. Hakupaza sauti. "Mtagombana baadaye. Mimi nimebanwa."

Wote wawili wakamkimbilia, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto. Mama akairudisha mikono yake nyuma, akaificha mgongoni kama mtoto anayekataa kunawishwa.

"Mkono sitaki," akasema. "Wewe uliyekata, nenda ukasimame pale mpera ulipokuwa. Na wewe uliyenyamaza, simama penye mlimau."

Aliyemnyamazisha ni nani, Tanuri alitaka kuuliza. Badala yake alikwenda akapanda juu ya kisiki cha mlimau, ambacho kilikuwa bado kibichi na kinanukia limau, akasimama hapo na unga wake mikononi, mwanamke mtu mzima juu ya kisiki. Mipango akaiweka reki chini na kupanda chake.

Mama akanyoosha mkono, akaenda. Kiganja kikatua begani kwa mwanawe, kikashuka kifuani, kikafika kwenye kitambi, kikakaa hapo.

"Kumbe umenenepa," akasema.

Mipango alikuwa ameibana pumzi, machozi yanamshuka, asitake mama ayasikie. Mama akampapasa mara moja tena, kama anayehakikisha, akamwacha. Akafika kwa Tanuri, akamshika mkono wa gauni, akapita bila neno. Mbele yake kisiki cha tatu kilikuwa hakina mtu. Mipango akavua viatu, akazunguka mbio kwa ncha za vidole juu ya changarawe yake mwenyewe, akawahi kusimama mahali pa Bwana Kiburi kabla mkono haujafika. Tanuri akakimbia ndani kuizima redio, akarudi kwenye kisiki chake. Bomba likasikika. Mama akaligeukia, akaenda nalo, na punde komeo la choo likagonga kwa ndani.

Wakabaki wamesimama. Mipango akanong'ona kwamba atapanda mingine. Tanuri akamwambia akauulize huo mpera ulichukua muda gani kuwa mpera. Mipango akafikiri, akasema basi afunge kamba, kamba nzuri, ngumu, kutoka mlangoni mpaka bombani, mama awe anaishika.

"Kamba ni ya mbuzi," mama akasema kutoka chooni. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa.

Alipotoka alinawa mikono taratibu, kisha akarudi kama alivyokwenda: Mipango, halafu Tanuri, halafu Mipango tena, ambaye safari hii alikimbia bila kujificha, changarawe zikilia chini ya miguu yake. Mama akakifikia kizingiti, akapanda, akageuka. Maji yalikuwa bado yanamdondoka vidoleni. Uso aliuelekeza kwao, pembeni kidogo ya pale walipokuwa.

"Leo nimefika," akasema. "Kesho alfajiri wewe uko mjini, na huyu yuko kwenye mikate yake. Atasimama nani?"

Mipango akafungua mdomo. Tanuri akamtazama, na pamoja na hasira zake zote, alikuwa anaomba kwa moyo wake wote, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba mdogo wake awe na mpango. Mama akangoja mlangoni, akasikia bomba tu likidondoka. Kisha akaingia ndani, akipapasa ukuta.